Mwongozo kamili: kubadilisha mauntingi za injini kwenye Corolla KE70 mpaka mtikisiko uishe kweli

Wakuu, hili la mauntingi (zile raba zenye chuma zinazoshika injini na giaboksi kwenye gari) linajirudia sana na malalamiko ni yaleyale. Mtu kanunua raba mpya, kafunga mwenyewe au kampa fundi, gari ikatulia kidogo, baada ya muda usukani unatetemeka tena na kioo cha ndani kinacheza kama mwanzo. Wengine hata hiyo nafuu ya muda hawaipati, gari inatoka gereji inatikisika kuliko ilivyoingia. Mara nyingi raba haina kosa, kosa liko kwenye kufunga. Watu wanakaza bolti injini ikiwa bado imening'inizwa kwenye jeki, raba inakaa imepindwa tangu siku ya kwanza, alafu wanashangaa.

Natumia KE70 yenye injini ya 4K kwa mfano kwa sababu bado zipo nyingi mtaani na vipuri vyake vinapatikana. Mwenye KE30, Datsun 120Y au gari yoyote ya zamani yenye injini iliyolala kwa urefu na kusukuma tairi za nyuma anaweza kufuata hatua hizihizi, atatofautiana namba za spana na umbo la raba tu. Beetle ya VW haimo humu, ile injini iko nyuma imeshikwa na giaboksi, ni habari nyingine kabisa.

Mauntingi ziko tatu: mbili za injini, kushoto na kulia, na moja ya giaboksi kwa nyuma. Zihesabu tatu, usije ukasema nimebadilisha zote kumbe ya giaboksi hujaigusa.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaingia chini ya gari

- Mauntingi mbili za injini na moja ya giaboksi, zote mpya
- Jeki ya uhakika (ya kusukuma, ya magurudumu, ndiyo nzuri) na stendi mbili za jeki
- Mbao ngumu kama ya mbili kwa nne, kipande kirefu cha kutosha kulala chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini)
- Spana na soketi namba 10, 12, 14 na 17, racheti na ekstensheni ndefu
- Toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa Nm), hata ya kuazima
- WD-40 au mafuta mengine ya kulainisha kutu
- Brashi ya waya, matambara, petroli au dizeli kidogo ya kuoshea
- Taili leva au mtaimbo mdogo
- Tochi, na mawe au magogo ya kuzuia tairi
- Bolti, nati na spring washa za akiba
- Msaidizi mmoja mwenye akili timamu

Kuhusu bolti sikiliza vizuri. Bolti za Kijapani za M10 zina kichwa cha spana 14 na uzi wake ni wa 1.25. Ukienda duka la vifaa vya ujenzi ukaomba bolti ya M10 utapewa ya uzi wa 1.5 yenye kichwa cha 17, itaingia mizunguko miwili mitatu alafu itagoma, na wewe ukiilazimisha umeshaua uzi kwenye braketi. Nenda na bolti ya zamani mkononi, ulinganishe.

Kununua raba

Kwa Dar watu wanaanzia Ilala, Shaurimoyo na Gerezani, kwa Nairobi ni Kirinyaga Road. Beba ya zamani kama gari haitembei, au piga picha ya wazi. Ya kushoto na ya kulia zinaweza zisifanane, kwa hiyo usikubali kuambiwa "hizi ni moja tu mkuu, zinaingia kote" mpaka uzione zenyewe.

Raba ni kitu kinachozeeka hata kikiwa dukani ndani ya boksi. Kuna zile zinaitwa mpya kwa maana kwamba hazijawahi kufungwa, ila zimekaa kwenye shelfu miaka na miaka. Ikunje kwa vidole pale raba inapokutana na chuma, ukiona vimistari vya nyufa au raba imeng'aa na kuwa ngumu kama soli ya kiatu cha zamani, rudisha. Angalia pia pale raba ilipogandishwa kwenye bamba la chuma, kusiwe na mwanya wala gundi iliyotapakaa. Bolti iliyotoka kwenye bamba iwe imesimama wima.

Za yuzdi sizipendi kabisa kwenye hii kazi. Imetoka kwenye gari yenye umri sawa na yako, sasa unabadilisha nini. Na zile za kukata vipande vya tairi na kutoboa tundu la bolti zinashika injini ndiyo, ila raba ya tairi ina nyuzi ndani, haibonyei kama inavyotakiwa, na mtikisiko wote unahamia kwenye bodi. Kama upo safarini na huna namna fanya, ufike nyumbani. Za polyurethane nazo ni ngumu kuliko raba ya kawaida, wanaozitaka ni wa mashindano, kwa gari ya kwenda kazini na kanisani utajuta kwenye foleni.

Hatua ya 1: hakikisha tatizo ni mauntingi kweli

Hapa ndipo hela za wengi zinapotelea. Injini ikiwa na misi (silinda moja au zaidi haichomi vizuri) itatikisika hata ukifunga mauntingi za dhahabu. Kwa hiyo kwanza washa gari, iache ipate moto, sikiliza sailensa, yaani injini ikinguruma yenyewe bila kukanyagwa mafuta. Kwa 4K mzunguko wa 700 mpaka 800 hivi kwa dakika unatosha. Kama iko chini ya hapo inatikisika kwa sababu iko chini, pandisha mzunguko kidogo kwenye kabureta uone. Chomoa waya wa plagi mmojammoja ukiwa umeshika kwa koleo yenye mpira mzuri, ukichomoa mmoja na injini haibadiliki mlio, silinda hiyo haifanyi kazi, anza na hiyo.

Kama inachoma vizuri, fungua boneti. Msaidizi akae kwenye usukani, hendibreki juu, akanyage breki kwa nguvu, aweke gia namba moja aachie klachi taratibu mpaka injini ianze kulemewa tu, asiachie yote. Wewe simama pembeni. Usisimame mbele ya gari wala nyuma yake, sitaki kurudia hilo. Alafu arudie kwa rivasi.

Injini yenye mauntingi nzima inajiinamisha kidogo, hiyo ni kawaida. Ikiruka wazi upande mmoja, sentimita mbili tatu au zaidi, na ukasikia "gho" ikirudi, hapo raba imekwisha. Ukikanyaga mafuta kwenda mbele injini inanyanyuka upande wa kushoto wa gari na kukandamiza upande wa kulia, kwa sababu krenki inazunguka kulia ukiitazama kutoka mbele na bloku inasukumwa kinyume chake. Ndiyo maana mara nyingi ya kushoto unaikuta imechanika na ya kulia imebonyea tu. Rivasi ni kinyume.

Ya giaboksi ina dalili zake: gia leva inaruka ukiachia klachi, gia zinaingia kwa kugombana, na mtikisiko unakuja ukiwa kwenye mwendo siyo ukiwa umesimama, maana giaboksi ikilala chini pembe ya propela (shafti inayopeleka nguvu tairi za nyuma) inaharibika.

Mauntingi iliyokatika siyo suala la kero peke yake. Mwaka 1971 General Motors walilazimika kuita Chevrolet zaidi ya milioni 6 kwa ajili ya kitu hikihiki, raba inakatika, injini inanyanyuka, inavuta mitambo ya mafuta na gari inakimbia yenyewe mguu wako ukiwa juu. Kwa hiyo kama uliona injini inaruka sana, acha kuendesha mpaka umalize hii kazi.

Hatua ya 2: tafuta kilichoiua ya zamani

Ingia na tochi uangalie raba ikiwa bado imefungwa. Imekauka na kupasukapasuka? Huo ni umri na joto, hasa ile ya upande wa ekzosi. Imevimba, imelainika, ina utelezi? Hiyo imekunywa oili, na oili mara nyingi inatoka juu kwenye gasketi ya kava ya valvu, inashuka taratibu ubavuni mwa bloku mpaka kwenye raba.

Ukifunga mpya chini ya liki ya oili umejipotezea hela, ndani ya muda mfupi itavimba kama mwenzake. Gasketi ya kava ni kazi ndogo na bei yake ni ndogo, ibadilishe sikuhiyohiyo. Hapa ndipo watu wengi wanaruka kwa sababu "nitafanya siku nyingine", na hiyo siku haifiki.

Hatua ya 3: siku moja kabla, lowanisha bolti

Pulizia WD-40 kwenye bolti na nati zote za mauntingi tatu, jioni, na asubuhi tena kabla hujaanza. Bolti za krosimemba ya giaboksi (chuma kilichokatiza chini kinachobeba giaboksi) ziko chini zimekula tope na maji miaka yote, zikikatika utahitaji kutoboa na kutengeneza uzi upya. Mafundi wengine wanatumia mafuta ya breki kulainisha kutu. Yanafanya kazi ila yakidondokea bodi yanababua rangi, we tumia kitu kingine.

Hatua ya 4: simamisha gari

Sakafu ngumu, iliyo sawa. Udongo na kokoto zisizoshindiliwa, jeki inazama, acha. Injini iwe imepoa kabisa, ekzosi ya 4K iko karibu na mikono yako.

Zuia tairi za nyuma kwa mawe, hendibreki juu. Nyanyua mbele, weka stendi mbili chini ya chasisi, pande zote, shusha gari ikae juu ya stendi. Alafu isukume kwa mkono kwa nguvu kabla hujaingia, ikicheza panga upya. Jeki peke yake siyo kitu cha kulala chini yake, na tofali la saruji pia siyo, lile linapasuka bila kukupa taarifa.

Chomoa temino ya hasi ya betri. Waya mnene wa stata uko jirani na unapofanyia kazi, spana ikigusa pale na bodi kwa pamoja utaona cheche utakayoikumbuka.

Ukimaliza hapa unatakiwa uwe na gari iliyokaa imara, betri imechomolewa, na jeki iko huru kwa kazi ya kunyanyua injini.

Hatua ya 5: acha injini iweze kupanda bila kuvuta kitu

Injini utainyanyua kidogo, lakini hata hicho kidogo kinatosha kupasua kitu kama hukuangalia. Pitia hivi:

Feni na kava yake. Fungua bolti za kava ya feni uisogeze nyuma, la sivyo feni itaikaba na inaweza kutoboa rejeta.

Hosi za rejeta. Kama ni za zamani zimekakamaa, zikague, zikiwa na nyufa huu ndio muda wake wa kubadilishwa.

Waya wa aksileta na waya wa klachi kama yako ni ya waya. Hakikisha vina nafasi ya kulegea.

Paipu ya kwanza ya ekzosi. Hii inasahaulika kuliko zote. Legeza braketi inayoshika ekzosi kwenye giaboksi au kwenye bodi, usiifungue yote, ilegee tu.

Waya wa eathi kati ya injini na bodi. Ukiukuta umekatika usishangae, mauntingi mbovu huwa zinaukata kwa kuuvuta kila siku. Badilisha. Bila huo stata inakuwa nzito na umeme unatafuta njia nyingine ya kurudi, ikiwemo waya wa klachi na wa aksileta, inavichoma.

Hatua ya 6: legeza bolti kabla ya kunyanyua

Legeza, usitoe. Injini ikiwa bado imekaa kwa uzito wake bolti hazichezi na ni rahisi kuzivunja ugumu. Ukisubiri mpaka imening'inia, ukivuta spana injini nzima inayumba juu ya jeki.

Kama ni nati iliyo kwenye bolti iliyogandishwa kwenye raba na inazunguka yote, ujue raba imeshaachana na bamba. Bana bamba kwa koleo ya kujifunga au taili leva wakati unafungua. Raba hiyo unaitupa, usiionee huruma, hata kuikata kwa msumeno sawa.

Hatua ya 7: nyanyua injini, kidogo tu

Njia nzuri kuliko zote ni kutokea juu, kwa kreni au cheni bloku iliyofungwa mahali pa uhakika, ukishika kwenye ndoano za kunyanyulia injini. Hapo chini panabaki wazi unafanya kazi kwa raha.

Kama una jeki peke yake, weka mbao ngumu chini ya sampu, ilale kwa upana na ibebe karibu na kingo za sampu, siyo katikati. Sampu ni bati jembamba. Ukilibonyeza katikati, tundu la kunyonyea oili liko juu yake kidogo tu, nafasi ikiziba injini inakosa oili na hutajua mpaka taa ya oili iwake ukiwa barabarani. Bila mbao usijaribu.

Panda taratibu, pampu moja moja, msaidizi akiwa juu anaangalia feni, hosi na distribyuta zisigonge kitu. Unatafuta nafasi ya kuchomoa raba tu, sentimita mbili mpaka nne zinatosha. Ukiona umefika hapo na raba bado haijaachia, simama, kuna bolti umesahau. Usiendelee kupampu kwa hasira.

Mkono wako usiingie kati ya braketi na krosimemba. Ingiza taili leva. Jeki ikiteleza vidole havirudi.

Hatua ya 8: toa ya zamani, linganisha na mpya

Anza na upande mmoja, wa pili uache bolti zake zimelegezwa ila zipo, zisaidie injini isiyumbe pembeni.

Ya zamani ikitoka iweke mezani kando ya mpya. Umbali wa matundu uwe sawa, upande wa bolti uwe sawa, kipini cha kuelekezea kama kipo kiwe mahali palepale. Urefu hautalingana, na hapo watu wanadhani wamepewa ya gari nyingine. Ya zamani imebonyea kwa miaka, mpya lazima iwe juu kidogo. Ila ikiwa juu maradufu, hapo ndiyo uliza.

Kama ya zamani ilikuwa na bati la kukinga joto upande wa ekzosi, lirudishe. Nimeona magari mengi lile bati limetupwa na fundi aliyepita, na ndiyo maana raba ya upande huo haikai.

Safisha braketi na sehemu ya kukalia kwa brashi ya waya mpaka uone chuma, futa oili yote. Angalia braketi yenyewe kwa nyufa, hasa kwenye kona na kuzunguka matundu. Braketi yenye ufa ichomelewe na mtu anayejua au ibadilishwe, raba mpya haisaidii chochote.

Hatua ya 9: ingiza mpya, kaza kwa mkono tu

Ingiza raba, pitisha bolti na washa zake, zungusha nati kwa vidole mpaka ishike mizunguko kadhaa. Basi. Usichukue spana. Najua mkono unawasha, acha.

Kama matundu hayakutani, usitumie bolti kuivuta injini ije. Shusha au panda jeki kidogo, sukuma injini kwa taili leva, itakubali. Bolti ikiingia kwa kulazimishwa inakula uzi na raba inabaki imevutwa upande mmoja.

Raba usiipake girisi wala oili ili iteleze. Maji ya sabuni kama inakaba sana, yakikauka hayana madhara.

Fanya upande wa pili vilevile. Hata kama wa pili unaonekana mzima, badilisha. Mpya moja na kuukuu moja maana yake injini imeinama, na ile mpya inabeba mzigo wa mbili.

Hatua ya 10: ya giaboksi

Hamisha jeki na mbao ije chini ya giaboksi, ishike uzito wake kidogo. Fungua raba kutoka kwenye giaboksi, alafu fungua bolti za krosimemba kwenye sakafu ya gari, krosimemba inashuka na raba yake. Weka alama ya mbele na nyuma kwa chaki kabla hujaitoa, ukiigeuza matundu hayakubali vizuri na utapoteza nusu saa ukijiuliza.

Badilisha raba, rudisha, kaza kwa vidole tu kama zile za mbele. Hakuna mengi hapa, ni nyepesi kuliko za injini.

Hatua ya 11: ikalishe, itikise, ndiyo ukaze

Hii ndiyo hatua inayotenganisha kazi inayodumu na ile ya kurudia.

Shusha jeki kabisa, injini na giaboksi zikae zenyewe kwa uzito wao juu ya raba mpya. Bolti zote za mauntingi tatu bado zimelegea. Sasa shika injini kwa juu, sehemu imara siyo kabureta wala kava ya valvu, itikise kulia na kushoto mara kadhaa. Utaiona inajipanga. Ukiweza kutoa stendi, kushusha gari chini kabisa na kuitingisha yote kwa kusukuma bodi, ni vizuri zaidi.

Baada ya hapo kaza kwa mpangilio huu: nati za giaboksi na krosimemba yake kwanza, alafu braketi za injini kwenye bloku kama ulizifungua, mwisho nati za raba zenyewe kushoto na kulia. Zungusha kidogo huku, kidogo kule, usimalize upande mmoja.

Kwa bolti ya kawaida ya M10 ya nguvu ya 8.8, Nm 40 mpaka 50 inatosha. Ya M8, yenye kichwa cha 12, Nm 20 hivi. Kitabu cha gari yako kikisema tofauti fuata kitabu. Nati zinazokaa kwenye bolti iliyogandishwa na raba usizipige bomba refu kwa kuonyesha nguvu, ukizidisha bolti inazunguka na kuchana raba mpya hapohapo, umerudi dukani.

Jinsi ya kujua imekaa vizuri: itazame raba kwa mbele na kwa ubavu. Iwe imebonyea sawasawa, bamba la juu na la chini zikitazamana, isiwe imepinda kama herufi S. Ukiona imepinda, legeza zote, tikisa tena.

Hatua ya 12: ekzosi na feni

Hapa kuna kitu hakisemwi. Mauntingi za zamani zilikuwa zimelala, kwa hiyo injini ilikuwa imeshuka, na fundi aliyewahi kutengeneza ekzosi yako aliipinda ifuate injini iliyoshuka. Sasa injini imepanda mahali pake, ekzosi inavutwa au inagusa sakafu ya gari. Ikigusa, mtikisiko wote wa injini unapita kwenye paipu kuingia kwenye bodi, na wewe utasema mauntingi mpya ni feki.

Kwa hiyo ekzosi uliyoilegeza, iache itafute mkao wake, ndiyo uikaze. Pitisha mkono urefu wote kuona haigusi popote, na badilisha zile raba za kuning'iniza kama zimekatika.

Feni nayo izungushe kwa mkono. Iwe na nafasi sawa kuzunguka kava yote. Rudisha waya wa eathi, waya wa aksileta, na jaribu aksileta inarudi yenyewe vizuri kabla hujawasha.

Hatua ya 13: washa, jaribu, rudia kukaza

Rudisha betri, washa, iache ipate moto. Rudia lile jaribio la klachi, namba moja na rivasi. Injini iinamie kidogo kote kuwili, bila mlio. Kwenye sailensa usukani uwe unahisi uhai wa injini tu, siyo kutetemeka kwa meno.

Endesha kilomita kumi kumi na tano, barabara yenye matuta kidogo. Ikipoa kagua nati zote. Raba mpya inakaa chini kidogo siku za mwanzo, kwa hiyo kaza tena baada ya kilomita 500 hivi, kwa kipimo kilekile siyo kuongeza.

Kama bado inatikisika

Inatikisika ukiwa umesimama tu, ukipandisha mzunguko inaacha: rudi kwenye plagi, waya za plagi, kabureta, na kubana kwa silinda. Hiyo ni injini.

Inatikisika kwenye mzunguko mmoja maalum, ukivuka inaacha: mara nyingi ekzosi inagusa mahali. Legeza braketi yake, washa gari, uone kama imeacha.

Inatikisika kwa mwendo tu, na ukiweka nyutro ikiwa inatembea bado inatikisika: acha injini, angalia propela, krosi za propela, balansi ya tairi.

Inatikisika zaidi jinsi unavyopandisha mzunguko, hata ukiwa umesimama: angalia feni kama ina bawa lililovunjika, na kama klachi ilibadilishwa karibuni muulize aliyefunga kama presha pleti (bamba linalobana diski ya klachi) ilirudishwa kwenye alama yake.